Benny kwa Dakika Saba

Siku ya Mungu, tarehe 5 mwezi wa kumi

Bahati mbaya imenikalia kichwani. Papa Bashige, presida wa klabu yetu, ametangaza kichwa cha Jioni ya Maneno ya posho ijayo, siku ya mwisho wa juma: "Mutu niliyemupoteza." Dakika saba kwa kila musemaji. Mushindi atasimama kwa jina la Klabu Neno Tamu ya Majengo kwenye fainali ya klabu zote za Goma. Mikro ya kweli! Kamera! Watu wenye suti!

Ukumbi wote ulitikisa kichwa kwa huzuni. Mimi nilitikisa kwa hasira. Maana hapa Goma nani hana marehemu? Charline, sekretere wetu, ana watatu. Papa Bashige mwenyewe ana wengi mupaka akaomba ruhusa ya kuwaunganisha. Na Habarurema! Mwalimu Habarurema, sauti nzito ya kutoka tumboni, anashinda kila mwezi hata akisema juu ya sabuni. Mwaka jana alizika muke wake. Sasa komite imemupa kichwa ambacho ni chake tayari. Hiyo ni haki?

Mimi nina nani? Baba. Lakini Baba nilishamumaliza. Nilimusema klabuni mara mbili, nilimusema kwenye ndoa ya binamu, nilimusema siku ya kufungua duka la dawa la jirani. Mara ya mwisho mutu wa viti vya nyuma alimalizia maneno kabla yangu. Shangazi? Shangazi alikufa muzee kabisa, amelala, ameshiba. Nani atalia?

Nimerudi nyumbani na mawazo. Mama alikuwa anatwanga majani ya sombe. Nikamwangalia. Yuko muzima. Nikaondoa macho haraka, juu mawazo mengine ni zambi.

Siku ya pili, tarehe 7

Nimepata! Benny!

Benny ni mudogo wangu. Tulipokimbia vita kuja Goma, mimi na Mama, yeye alibaki kwetu Kalengera kulinda shamba la maharage. Simu yake imezimika tangu mwaka jana. Wengine wanasema alivuka Uganda. Wengine wanasema yuko Vitshumbi kwa wavuvi. Benny hajafa. Benny amenyamaza tu. Lakini mutu aliyenyamaza zaidi ya mwaka, si amepotea? Na kichwa kinasema "niliyemupoteza," hakisemi "aliyekufa." Basi sisemi uongo. Natangulia kidogo tu.

Shida moja: kunyamaza hakulizi mutu. Inabidi afe. Nimemuua Vitshumbi, ndani ya ziwa Edward, juu klabuni hakuna mutu wa Vitshumbi wa kunibishia. Zoruba inapiga. Mutumbwi unapinduka. Mama na mutoto wake wanazama. Benny anaruka! Kwa kweli Benny hajui kuogelea, aliogopa hata beseni. Lakini kwenye karatasi anaogelea vizuri sana. Anaokoa mama, anaokoa mutoto, anarudi kuokoa mbuzi. Hapana, mbuzi nimemutoa, watu watacheka. Kisha nguvu zinamwishia, na anaacha maneno ya mwisho: "Mwambieni Donat asinyamaze." Nilipofika hapo nililia mwenyewe. Kipaji ni kitu cha ajabu.

Lakini Mama asijue! Mama ana tensio. Daktari alisema asipewe habari za gafula, moyo wake hautabeba. Na Benny ndiye kitindamimba wake, hata mimi najua kwamba akituweka kwenye mizani mimi ndiye nitapanda juu. Zamani kila mutu aliyeteremuka kutoka Rutshuru, upande wa kwetu, alimushika mukono kumuuliza: hamukumwona Benny? Tangu masika haulizi tena. Afadhali. Wazee wanasahau, ni huruma ya Mungu. Ila akisikia kwamba nimemuzika Benny kwa mudomo, atakufa palepale, na kifo chake kitakuwa changu. Nimejiapia: maneno haya hayatoki ukumbini.

Siku ya tatu, tarehe 8

Mama ameniuliza naandika nini usiku na muchana. Nikamwambia diskuru juu ya usafi wa mitaro. Akasema ni jambo zuri, mitaro ya Majengo inanuka. Akaniwekea chai. Nilijisikia vibaya mupaka chai ilipoisha.

Siku ya tano, tarehe 10

Mazoezi nyuma ya kibanda changu cha kucharji simu, mbele ya mawe ya lava. Mawe hayana ubishi. Mwanamuke mumoja aliyekuja kuchukua simu yake alisikia kifo cha Benny, akalia, akaenda zake bila simu. Ishara nzuri!

Habarurema alipita. Akajifanya mwema, kama kawaida yake. Aliniuliza kama nimepata wa kumusema. Nikamwambia atasikia mwenyewe. Akasema yeye hajui kama ataweza, kila akitaja jina la muke wake sauti inakatika. Mujanja yule! Anataka nimuhurumie ili nilegee. Nikamwambia sauti ikikatika, wazoefu wanakunywa maji. Akanishukuru! Ameficha makucha kweli.

Siku ya posho, tarehe 11

Naandika hata shati la jukwaani sijavua.

Jioni ya Maneno ilianza saa nane muchana. Siku hizi jioni yetu inabidi iishe kabla ya giza, hakuna mutu anataka kukutana na mutu mwingine njiani. Mvua ikapiga mabati, tukangoja. Jenereta ikagoma. Mikro ikafa. Nikajisemea: vema, mimi na mikro wapi na wapi.

Charline aliwasema watatu wake, akapita dakika zake, hakuna aliyegonga kengele. Papa Bashige alifika kwenye jina la tano, akaomba samahani, akakaa. Halafu Habarurema. Akasimama. Akasema: "Muke wangu aliitwa Victoire." Akanyamaza. Nikasubiri anywe maji. Hakunywa. Akasema alipenda chai yenye tangawizi nyingi, watoto walikuwa wanailalamikia. Akanyamaza tena. Akashuka. Ndiyo hiyo tu! Na ukumbi muzima ukabaki kimya pamoja naye, hata wale wa viti vya nyuma. Bila utangulizi! Bila hitimisho! Hata dakika moja hakufika! Kama hiyo ni ufundi, basi mimi ni askofu.

Nikapanda. Nilikuwa moto. Zoruba niliifanya kwa midomo. Mutumbwi niliupindua kwa mikono miwili. Nilipotoa "Mwambieni Donat asinyamaze," mama mumoja alipiga yowe na kiti kikaanguka. Watu wakasimama! Nimeshinda! Mimi, Donat Twagirimana! Habarurema ndiye alikuja wa kwanza kunikumbatia, machozi yake yakalowesha shati langu. Amevunjika. Nikamupapasa mugongo kwa ukubwa wa roho.

Papa Bashige akaomba kimya. Akasema ni aibu yetu sote kwamba ndugu Donat amebeba kifo hiki peke yake. Akakumbusha kanuni ya klabu: mwenzetu akifiwa, tunaenda kumukalia kilio. Basi siku ya pili, tarehe 14, klabu nzima, nyumbani kwa Donat. Bashi ya kufunika kiwanja, viti, makala, unga. Charline atapeleka komunike kwenye radio. Wote wakaitika kwa sauti moja, maana sauti tunazo.

Mawe we, nimekwisha! Nyumbani kwangu kuna Mama!

Siku ya Mungu, tarehe 12

Asubuhi nilikimbia kwa Papa Bashige. Nikamwambia familia yetu hailii. Akasema hakuna familia ya namna hiyo. Nikamwambia Benny hakupenda makelele. Akasema wanaume wataongea polepole. Nikamwambia kiwanja ni kidogo. Akasema watu watabanana, kubanana ndiyo pole yenyewe. Nikamwambia mvua. Akasema bashi. Muzee ana jibu la kila kitu. Sasa nimeelewa kwa nini hatujapata presida mwingine.

Njiani nikakutana na Habarurema. Alikuwa amesikia kwamba kiwanja changu ni kidogo. Akasema kwake kuna nafasi, na sufuria kubwa za kilio cha muke wake bado ziko. Tumukalie Benny kwake, itakuwa heshima kwake. Ehe! Nikamwona wazi. Anataka kilio kiitwe "kile cha kwa Habarurema." Ameshindwa jukwaani, sasa anataka kuninyang'anya marehemu! Nikamwambia asante mwalimu, mudogo wangu ataliliwa kwetu.

Nilikuwa nimefika karibu na soko ndipo nikaelewa kwamba alikuwa amenipa njia ya kuokoka. Nikageuka kumukimbilia. Alikuwa ameshapanda moto, pikipiki imekwenda naye.

Komunike nayo imeshafika radio. Itasomwa kesho saa saba. Na Mama hakosi komunike za vifo hata siku moja, anakaa na radio yake kwenye magoti kama anayebembeleza mutoto! Basi nimetoa mapile ya radio nikayaficha ndani ya kiatu. Kichwa changu bado kinafanya kazi.

Siku ya kwanza, tarehe 13

Mama aliona radio imekufa. Alivuka kwa jirani yetu, Mama Béata, akarudi na radio yake: kubwa mara mbili, sauti ya kufukuza panya. Na saa saba inakaribia! Nikamwambia Mama, tusali rozari. Akaniangalia muda murefu. Sijashika rozari tangu komunyo ya kwanza.

Nikapiga magoti juu ya simenti, nikaanza kwa sauti yangu ya fainali. Radio ikasema: "Klabu Neno Tamu yenye uchungu..." Nikasema: SALAMU MARIA! Radio: "...inatangaza kifo cha..." Mimi: UMEJAA NEEMA! Radio: "...mudogo wa..." Mimi: BWANA YU NAWE! Kuku walikimbia. Mama alijibu kila Salamu polepole, macho yake kwenye radio. Mwishoni akaongeza la kwake: tumwombee Benny. Nikaitika amina mupaka koo likauma. Hakusikia kitu! Nimeokoka!

Sasa kesho. Nimepanga vizuri. Mudogo wake Mama, Annonciata, anakaa Himbi. Nimemwambia Mama kwamba Annonciata ameshikwa na tumbo, anamwita. Mama atatoka asubuhi, kule watapiga habari, atarudi jioni. Kilio kitaingia, kilio kitatoka, nitafagia kiwanja. Hata kuku hawatajua.

Siku ya pili, tarehe 14

Mama alitoka asubuhi na chupa ya chai ya mugonjwa. Hajageuka kona, klabu imeingia. Bashi ikafungwa upande mumoja kwenye paa letu na upande mwingine kwenye muti wa avoka wa Mama Béata. Viti vikashuka kwenye tshukudu, baiskeli zetu za mbao. Wanawake wakawasha mbabula, sufuria zikapanda. Majirani walipoona bashi wakaja bila kuuliza, kama inavyofaa. Mama Béata alikaa kwenye mukeka wa kwanza. Aliniambia pole, basi. Hakushangaa, hakuuliza amekufa lini. Nikaona ni mutu asiye na adabu ya kushangaa.

Nilikaa katikati na uso wa kufiwa. Ninaujua ule uso. Wageni wapya wakaomba kusikia ilivyokuwa. Nikaanza tena ziwa, zoruba, mutumbwi. Kwa kuwa wengi walikuwa wameshasikia, nikaongeza kiboko. Nilikuwa nimeinua mukono kwa ajili ya maneno ya mwisho ya Benny, ndipo nikaona vichwa vyote vimegeuka.

Mama. Kwenye mulango wa kiwanja. Chupa ya chai mukononi. Alimukuta Annonciata anafua nguo, muzima kuliko sisi wote. Sikuwaza kumwonya mugonjwa!

Nikajua: sasa anaanguka. Moyo unasimama sasa hivi. Nimemuua Mama, mbele ya klabu, kwa ajili ya mikro. Naandika kweli: niliogopa kuliko siku za mabomu.

Hakuanguka. Alipita akiwasalimu watu kwa mukono, mumoja mumoja, akiwashukuru kwa kuja. Akaketi kwenye mukeka karibu na Mama Béata, akanyoosha miguu mbele, namna wamama wanavyokaa kwenye kilio. Papa Bashige akamwendea, akainama, akamwambia ajipe moyo, mutoto wake alikufa shujaa kwenye maji ya Vitshumbi. Mama akamusikiliza mupaka mwisho. Halafu akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana:

"Asante, papa. Lakini mutoto wangu hakufia kwenye maji. Alifia Kalengera, kwenye shamba letu. Alirudi kuvuna maharage juu njaa ilimuzidi. Risasi ikamukuta mule. Walimuzika palepale, na blanketi. Hakuacha neno. Hakukuwa na mutu wa kumwachia."

Hakuna aliyepiga yowe. Habarurema alivua koti lake akamufunika Mama mabega. Mimi mukono wangu ulikuwa bado juu.

Siku ya tatu, tarehe 15

Ni kweli. Amejua tangu masika. Mwanamuke wa Kalengera anayeuza maharage kwenye soko alimwambia. Yeye ni mumoja wa wale waliomufunika udongo. Mama hakumwambia mutu isipokuwa Mama Béata. Walimulilia wawili, nyuma ya nyumba, wakati mimi niko kibandani. Misa zote anazokwenda asubuhi, ni za Benny. Na mimi niliandika hapa kwamba amesahau.

Nilimuuliza kwa nini alinificha. Mimi ndiye mukubwa wa Benny! Nilipiga kelele, Mungu anisamehe. Aliendelea kupepeta maharage kwenye ungo. Halafu akasema: "Nilinyamaza juu yako, Donat. Baba yako ulimusema mupaka akaisha. Leo nikimukumbuka, nasikia sauti yako, siyo yake. Huyu nilitaka nibaki naye."

Akaniomba kitu kimoja tu. Nisimupeleke Benny kwenye fainali. Nimwachie. Alinishika mikono yote miwili kuniomba, kama vile mimi ndiye muzazi. Nikamwahidi. Nikaapa kwa kaburi la Baba.

Nilikwenda nyuma ya kibanda, nikalia mbele ya mawe. Siyo kilio cha mazoezi. Mudogo wangu! Tulipokuwa watoto nilikuwa nahubiri juu ya kichuguu, na Benny alikuwa anakaa juu ya mufuko wa maharage kunisikiliza, anapiga makofi hata pale nilipokosea. Ni mutu mumoja tu duniani aliyewahi kuniambia: Donat, rudia. Njaa ilimurudisha shambani, na hakukuwa na mutu. Na mimi huku nilikuwa namufundisha kuogelea.

Nililia mupaka nikachoka. Nilipomaliza niliona kwamba pumzi yangu ilikuwa imekaa vizuri sana, inatoka chini kabisa. Sijui kwa nini naandika hilo.

Siku ya tano, tarehe 17

Nimeitwa mbele ya komite. Kesi: je, musemaji Donat aliidanganya klabu? Wanafukuza watu kwa mambo madogo kuliko hayo. Kuna mutu walimufukuza kwa kusoma karatasi.

Nilikwenda sina jibu. Nikafungua mudomo, jibu likatoka lenyewe. Nikasema nilijua yote ya Kalengera, ila nilimuhamisha Benny mupaka Vitshumbi ili kumulinda Mama mwenye tensio. Kumbe Mama naye alikuwa ananilinda mimi! Charline akafuta macho. Papa Bashige akasema huo ndio upendo wa familia, vijana waige. Habarurema peke yake aliuliza swali, polepole, akiangalia chini: kama Benny angekuwa muzima, na akasikia komunike ile, ningemwambia nini? Swali gani hilo! Nikamujibu: hayuko muzima, mwalimu. Hakuniangalia tena.

Komite imekata kesi. Kanuni inataka marehemu wa kweli. Benny amekufa kweli. Ushindi wangu unabaki.

Sitaandika kwamba nilifurahi. Niliruka kidogo tu nilipofika barabarani, na ilikuwa juu ya matope.

Kabla ya kutoka niliwaambia, kwa heshima, kwamba kwenye fainali siwezi kumusema Benny. Nimemwahidi Mama. Papa Bashige akasema anaelewa kabisa, neno la mama ni neno la Mungu. Basi atakwenda Habarurema.

Habarurema! Na tangawizi yake!

Nikasema nipewe muda nifikiri.

Siku ya Mungu, tarehe 19

Nimefikiri.

Mama aliomba nisimupeleke Benny. Benny yupi? Bila shaka yule wa Vitshumbi, wa uongo. Ana haki, yule alikuwa anamuaibisha. Yule simupeleki. Namupeleka huyu wa Kalengera, wa kweli, ambaye Mama mwenyewe alimusema mbele ya watu. Kitu kilichosemwa chini ya bashi ni cha wote. Hoja hii haina tobo. Habarurema angejaribu kuitoboa, ndiyo maana sijamuuliza.

Nimeandika upya. Lazima niseme bila upendeleo kwamba siku ile Mama alifanya makosa mengi. Alisema amekaa. Sauti haikufika nyuma. Hakuwasalimu wakubwa, hakuinua mukono hata mara moja. Na bado watu walikaa kimya kuliko walivyokaa kwangu, nami nilikuwa na zoruba. Wivu? Mimi? Mama hata siyo membre! Maneno yake machache nimeyanyoosha yafike dakika saba. Njaa peke yake ina dakika mbili. Risasi nitazipiga kwa ngumi kwenye meza.

Nafanya mazoezi Mama akiwa misa. Leo misa iliisha mapema. Nilikuwa nimefumba macho, niko kwenye "Hakukuwa na mutu wa kumwachia," nikafungua, nikamwona mulangoni na kitambaa chake cha kanisa. Nikamwambia vema, karibu, akae anisikilize, anisahihishe, yeye alimujua vizuri. Hakukaa. Hakulia pia. Alichukua radio yake, akavuka kwa Mama Béata.

Jioni Mama Béata amekuja kuchukua mukeka wa Mama, blanketi yake na sufuria yake ndogo. Nilimuuliza Mama anarudi lini. Akasema Mama hajasema. Nikamwomba amwambie kwamba fainali ni posho mbili zijazo, nimemuwekea kiti cha mbele, avae nguo nyeusi. Mama Béata alijitwisha mukeka, akatoka. Mambo ya jukwaa hawayaelewi. Mama atanielewa akisikia makofi.

Hitimisho ndilo lilinisumbua siku nzima. Sasa limekuja, na limekuja kutoka kwake mwenyewe. "Nilinyamaza juu yako. Baba yako ulimusema mupaka akaisha. Huyu nilitaka nibaki naye." Ee Mungu wangu, maneno gani hayo! Yatavunja ukumbi. Ila ile "yako" inaweza kuchanganya watu, watafikiri ni juu yangu. Nimebadilisha kidogo: "Nilinyamaza juu ya vita. Baba yako, vita vilimumaliza. Huyu nilitaka nibaki naye." Inapita vizuri zaidi. Baba alikufa na sukari, lakini nani atauliza?